Mivule Miwili ya Siku Moja

Mjukuu wangu alirudi kutoka shule akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mjinga, kwamba mivule haichipui siku moja, na kwamba mwalimu amewaagiza wakachunguze kwa nini. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia: kamwambie mwalimu wako kwamba bibi yako alilichunguza jambo hilo kabla baba yake mwalimu hajaota meno, na hakupewa maksi. Alinyang'anywa mtoto.

Kwa hiyo naandika. Herufi nilizipata misheni, misimu miwili tu, na mwandiko wangu ni kama kuku ameparura majivu. Lakini nilichokiona nilikiona.

Niliolewa Bujonde nikitokea Ngana, wakati Wajerumani wameshakaa kiasi cha watu kuacha kuwashangaa. Ng'ombe walitolewa, nami nikaenda. Kwetu mwanamke akiolewa hamwoni baba mkwe wake. Simaanishi kwamba anamheshimu tu. Hamwoni. Akimsikia anakohoa njiani, anaingia kwenye majani. Akijua amekaa mbele, anazunguka, hata kama kuzunguka kunamaliza nusu ya asubuhi na mtungi uko kichwani. Na jina lake halitaji, wala neno lolote linalofanana nalo. Kama baba mkwe wako ana jina lenye moto ndani yake, wewe moto unauita "kile chekundu", na maisha yanaendelea.

Baba mkwe wangu alikuwa na jina la mti. Ule mti wa mbao ngumu ambao kwa Kiswahili unaitwa mvule. Jina lake la Kinyakyusa silo hilo wala halifanani nalo, na sikuwa na ruhusa ya kulitamka hata nikiwa peke yangu shambani. Niliuita "mrefu". Nikiokota kuni zake nasema kuni za mrefu.

Sasa, mirefu ilikuwa kila mahali. Mitano ilikuwa kati ya nyumba yangu na mto. Miwili mingine ilisimama uani kwa baba mkwe, huku na huku ya mlango wa ua. Hiyo miwili ilipandwa siku moja, siku ambayo yeye na rika lake walipewa kijiji na baba zao. Wa kulia ulikuwa wake, wa kushoto ulikuwa wa mwenzake ambaye alishakufa. Watu waliiangalia miti ile kama mtu anavyomwangalia mgonjwa usoni. Ikiwa na majani, kijiji ni kizima.

Kiangazi mti wa aina ile hupukutisha majani yote ukabaki mifupa. Adhuhuri jua likichoma, ng'ombe huenda kulala palipo na kivuli, na baba mkwe aliwapenda ng'ombe wake kuliko alivyompenda mtu yeyote aliyewahi kumpikia. Walipolala ndipo alipokuwa, akiwatoa kupe na kuwasemesha. Basi mimi ili nijue baba mkwe yuko wapi, ilinibidi nijue ng'ombe wako wapi, na ili nijue ng'ombe wako wapi, ilinibidi nijue ni mrefu gani umeshavaa majani mapya. Kila asubuhi nilitazama juu kabla sijachagua njia. Hiyo ndiyo shule yangu.

Mke wa shemeji yangu mkubwa, ambaye nyumba zetu zilipakana, alinicheka.

"Gwe, unaitazama miti kama mbuzi mwenye njaa!"

"Mbuzi huyu hajakamatwa," nikamjibu.

Mwezi uleule yeye alikutana na mzee uso kwa uso kwenye kona, akautupa mtungi, akajitosa kwenye matope ya bondeni mpaka kifuani. Tulimtoa wanawake watatu. Tangu siku hiyo alikuwa akinigongea alfajiri: "Dada, leo imevaa wapi?"

Mwaka wa pili nilikuwa nimeijua yote, ila nikataka kujua sababu. Miti ya aina moja, udongo uleule mweusi, mvua ileile, kwa nini mmoja unavaa na mwenzake uko uchi? Kwanza nilidhani ni samadi. Lakini ule uliolaliwa na ng'ombe sana kuliko yote ulikuwa wa tatu, si wa kwanza. Nikadhani ni uzee. Nao haukuwa uzee. Kisha nikachukua kijiti kirefu kilichochongwa ncha, nikawa kila nikipita nachoma ardhi chini ya kila mmoja, nachomoa, naigusa ncha kwa mdomo. Ncha ikitoka na ubaridi, mrefu ule ulivaa mapema, hata wingu halijaonekana. Ikitoka kavu na vumbi, ulisubiri mvua. Mti unakunywa kwa miguu, basi. Asiyefika kwenye maji anasubiri kuletewa.

Miwili tu ilinisumbua, iliyokuwa ukingoni mwa mto pamoja, yote imelowa. Mmoja ulikuwa ukizaa matunda yake yale kama viwavi, mwingine hauzai kabisa. Unaozaa ulichelewa. Nikasema sawa, hata mimi tangu nizae nachelewa kila kitu. Nilikuwa na binti wakati huo, anatambaa. Sababu hiyo sikuithibitisha, naiacha hapo.

Ile miwili ya uani kwa baba mkwe niliiona kwa mbali, juu ya mapaa. Kila mwaka ilivaa ndani ya wiki moja, wa kulia ukitangulia siku moja au mbili. Mzee alijisifia kwa hilo. Nilisikia sauti yake ikijisifu, uso sikuujua.

Kisha ikaja amri ya barabara. Mdachi, huyo Mjerumani, alitaka njia pana kutoka ziwani kwenda milimani, yenye mfereji pembeni wa kutoa maji, na kila jumbe atoe watu wake wachimbe kipande chake. Jumbe wetu alikuwa baba mkwe. Kamba ya kupimia iliponyooshwa ilipita katikati ya migomba yake. Migomba ile nilikuwa nikiipalilia mimi, ilikuwa mizuri, sikatai. Mzee akazungumza na nyapara, mtu wa pwani mwenye kofia nyekundu, na jioni yake jogoo wawili wakaenda kambini. Asubuhi kamba ilikuwa imehama. Ikapita upande wa pili, karibu na mlango wa ua, karibu na mti wa kulia.

Sisi wanawake tulipeleka ndizi kwa wachimbaji. Mume wangu alikuwa mmoja wao, viganja vimemchubuka. Siku moja nyapara aliegemea mti ule akaupiga kofi kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mvule huu," akasema, "ungekuwa kwetu, ungeshakuwa milango."

Nilimuuliza kwa yale maneno machache niliyoyaokota kambini: mti huu unaitwaje? Akarudia. Mvule. Nilirudi nyumbani na neno lile mdomoni kama mtu aliyepewa chumvi. Miaka mitatu nazungukazunguka, mrefu, mrefu, na kumbe ulikuwa na jina ambalo si la mtu yeyote! Nililisema mtoni, nililisema nikisaga. Halikumgusa mtu.

Mwaka uliofuata, kiangazi kikaisha kama kawaida. Wa ukingoni ukavaa, wa bondeni ukavaa, mmoja baada ya mwingine kwa zamu yao niliyoijua. Uani, wa kushoto, wa marehemu, ukavaa. Wa kulia ukakaa mifupa.

Wiki ikapita, na nyingine. Baba mkwe alianza kukohoa zaidi. Ng'ombe wakahamia kushoto. Watu wakaja kutazama, wakaondoka wakinong'ona. Kisha mama mkwe akaja kwangu, akakaa mlangoni bila kuitikia salamu.

"Mti umeona aibu ambayo wewe huna," akasema.

"Aibu ya nini, mama?"

"Kila siku macho yako yako juu ya ua wetu. Mkamwana gani anatazama nyumbani kwa baba mkwe wake asubuhi na jioni? Umemwona. Umemwona na ukanyamaza."

Nilimwambia natazama miti ili nisimwone. Alicheka kwa pua. Nami nilielewa papo hapo kinachokuja, kwa sababu binti yangu alikuwa ameshaacha kunyonya. Mke akirudishwa kwao na ng'ombe walishatolewa, mtoto aliyeacha ziwa anabaki. Hakuna mjadala.

Basi nilikuwa na siku chache za kutafuta mti ule unaumwa nini. Mzee alikwenda kwa chifu kuhudhuria kesi ya ng'ombe, nikasikia kikohozi chake kikipotea upande wa Katumba. Mchana kweupe, nikiwa na jembe begani kama anayekwenda kupalilia, nilishuka ndani ya mfereji. Nilifika chini ya mti ambao sikuwahi kuusogelea tangu siku ile ya nyapara.

Kwenye ukuta wa mfereji, mizizi ilikuwa imekatwa. Mikubwa, unene wa paja langu, imekatwa sawasawa kwa majembe na mashoka, ncha zimekuwa nyeusi. Nilichoma kijiti changu upande wa mfereji: kavu, udongo umepasuka, maji yote yameshakimbilia ziwani. Nilikwenda upande wa ua, nikachoma: ubaridi. Kisha nikatazama juu. Upande wa ua, kwenye tawi moja, kulikuwa na vichipukizi vidogo kama ulimi wa paka. Upande wa mfereji hakuna kitu. Mti ule ulikuwa nusu. Ulikuwa unasubiri mvua kama maskini mwingine yeyote, kwa sababu mwenyewe, kwa kuogopea migomba yake, alikuwa ameupasulia mfereji miguuni.

Nilimwambia mume wangu jioni. Alikuwa anakula. Aliacha kutafuna.

"Usiliseme hilo," akasema.

"Si ulichimba wewe? Huoni?"

"Nimeona. Usiliseme."

Kikao kilikaa uani kwa baba mkwe. Baba yangu mdogo alikuja kutoka Ngana kunisimamia, akaketi na wanaume. Mimi nilikaa chini nyuma ya mkeka ulioning'inizwa, jani la mgomba kichwani likinifunika mpaka kidevuni. Baba mkwe alikuwa ndani ya nyumba, mlango umeachwa wazi kidogo. Mzee mmoja wa rika lake alikuwa anachukua maneno yangu kuyapeleka mlangoni na kuyarudisha ya mlangoni kwangu, ingawa kila mtu alisikia kila kitu. Alirudia kama kwamba kuna mto katikati yetu.

"Anauliza, umemwona?"

"Sijamwona. Niliona visigino vyake mara moja, vimepasuka, nikafumba macho."

Watu wakacheka. Hata baba yangu mdogo. Nikadhani mambo yatakuwa mepesi.

"Anauliza, kama si wewe, mti unaumwa nini?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kuliko mwalimu yeyote. Nikasema mirefu haivai siku moja kwa sababu miguu yao haikanyagi maji sawa. Nikaitaja mitano ya mtoni mmoja mmoja na zamu zake, na wanawake nyuma yangu wakaguna kukubali, kwa kuwa wao pia walikuwa wakipita njia zangu. Nikasema mrefu huu umekatwa miguu.

"Mrefu gani?"

"Wa kulia."

"Kulia kwako au kulia kwake? Wewe umekaa kinyume."

"Kulia kwa anayetoka nje."

"Anayetoka wapi? Kwenye nyumba au kwenye ua?"

Vijana wakaanza kucheka tena, na kicheko hiki hakikuwa cha upande wangu. Nikaona maneno yangu yanageuzwa matope. Nikasikia sauti ya binti yangu mahali fulani, anaomba ndizi. Na mdomo wangu, ambao ulikuwa na neno safi lisilomgusa mtu, ukalitoa.

"Mvule!" nikasema. "Mvule wa baba mkwe umekatwa mizizi na mfereji alioukwepesha mwenyewe usipite kwenye migomba. Nendeni mkatazame."

Yule mzee mpeleka maneno hakupeleka. Hakulijua neno. Akageuka kuuliza, na kijana mmoja aliyefanya kazi kambini akasema, kwa furaha ya mtu aliyepata swali rahisi:

"Ni Kiswahili. Ndilo jina la mti."

"Jina la mti upi?"

Kijana akalitamka kwa Kinyakyusa, yeye aliruhusiwa, na uso wake ukabadilika alipokuwa katikati ya neno.

"Amemtaja," mama mkwe akasema, polepole. "Mbele za watu. Amemtaja."

"Sikumtaja!" nikapiga kelele nyuma ya mkeka. "Nimesema Kiswahili! Kiswahili hakina baba mkwe!"

Ndani ya nyumba kikohozi kikaja, kirefu, kisha sauti. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho aseme neno kwa ajili yangu, na hata hilo hakuniambia mimi.

"Amenitaja kwa mdomo wa nyapara," akasema. "Mrudisheni kwao."

Kutoka pale tulipokaa mpaka mfereji ni hatua ambazo mtoto anazimaliza kwa pumzi moja. Hakuna aliyenyanyuka. Mizizi ilikuwa palepale, nyeusi, na watu wazima, wakiwemo waliokuwa wameikata kwa mikono yao, walikaa wakijadili neno.

Mume wangu alinisindikiza mpaka kijito.

"Ningesema nini?" akasema. "Ni baba."

"Ungesema 'nilichimba mimi'. Ni maneno mawili."

Akatazama kucha za miguu yake. Nafikiri anazitazama mpaka leo, huko aliko.

Binti yangu alikuwa amebebwa na bibi yake, mkono mmoja una ndizi. Hakulia, maana alikuwa ameambiwa nakwenda kuteka maji. Aliniambia niwahi kurudi.

Mvua zilikuja siku tisa baadaye. Najua kwa sababu kila asubuhi nilifunga fundo kwenye uzi wa mgomba. Mwanamke wa Kikisi aliyekuwa akipita Ngana na vyungu vyake kutoka ufukweni alinipa habari bila kujua anampa nani. "Bujonde? Wazima. Ule mti wao waliokuwa wakiulilia umevaa. Upande mmoja tu, kama mtu aliyenyolewa nusu, ila umevaa."

Nilikaa nikisubiri mtu aje. Walau wa kusema kwamba wamekosea. Nilikuwa kijana, nilidhani ukweli ukionekana unatembea wenyewe.

Wakati wa vita Wajerumani walitaka magogo ya daraja. Waliukata mti ule kwa kuwa ulikuwa karibu na barabara. Kisiki kikabaki: upande mmoja mweupe, upande wa mfereji umeoza mpaka ndani. Kijiji kizima kilipita pale kila siku, kwenda sokoni na kurudi. Kutoka Bujonde mpaka Ngana ni safari ya nusu asubuhi. Hakuna aliyeitembea.

Aliyekuja ni mpeleka habari za msiba, mwaka uleule Wajerumani walipokimbia. Baba mkwe amekufa, akasema, na waliokuwa wakamwana zake waje kulia. Nilimjibu kwamba siwezi kumlilia mtu ambaye sijawahi kumwona. Akashtuka. Kisha nikabadili nia. Nikaenda, si kulia. Nilikwenda kumwangalia.

Hakuna aliyenizuia, sikuwa mkwe wa mtu tena. Niliinama juu ya maiti nikautazama uso ambao kwa ajili yake nilikuwa nimelala kwenye majani, nimezunguka mito, nimepoteza mtoto. Alikuwa mzee mdogo. Paji la uso limetokeza, nyusi zimekutana katikati. Ilikuwa sura ya binti yangu. Nilikuwa nimeizaa mimi mwenyewe, nimeilisha, nimeibusu, na sikujua ni ya nani.

Naye binti yangu alikuwepo, mrefu kwa umri wake, akinisalimia kama mgeni: "Ugonile, mama." Nilimshika mkono, akanifuata kwa adabu, nikampeleka kwenye kisiki. Nikamwambia aweke kidole chake kwenye alama ya jembe, pale mzizi ulipokatwa. Akaweka.

"Nani alikata?" akauliza.

Ningeweza kusema Wajerumani. Kila mtu siku hizo alikuwa anasema Wajerumani. Lakini nilikuwa nimelibeba jina lile nililokatazwa miaka yote, nimelilipia kwa nyumba yangu na kitanda changu. Nikalitamka jina la babu yake, kwa Kinyakyusa, lote, kwa sauti. Ndilo jina la mti, ndilo jina la aliyeuua.

Binti yangu alijiziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba ni yeye aliyelisema. Kisha akageuka akakimbia kurudi kwa bibi yake.

Alinirudia akiwa ameshaolewa, naye ana baba mkwe wake wa kumkimbia kwenye majani. Hakuzungumzia kisiki. Aliniuliza tu, akiwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, kama ni kweli kwamba ukitazama miti vizuri unaweza kujua mzee yuko wapi. Mtoto yule wa mgongoni ndiye huyu anayetaka kunifundisha habari za mivule. Nimempa kijiti kilichochongwa ncha, nimempeleka mtoni akachome ardhi mwenyewe.